Mzizi mchungu: Mmea uliokaushwa, ukachemshwa na bado ukachipua

Julai 1, 1806, msafiri wa Marekani Meriwether Lewis alichimba mmea mdogo katika bonde moja la milima ya magharibi ya nchi hiyo. Akaukausha, akaubana kwenye karatasi, kisha akaubeba na mizigo yake hadi upande wa pili wa bara.

Mwaka uliofuata mmea huo ulifika mji wa Philadelphia ukiwa mkavu kabisa. Kwa macho ya mtu yeyote, ulikuwa umekufa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuutunza kabatini ili wataalamu wautazame.

Lakini mizizi yake ilipofukiwa kwenye udongo, ikachipua.

Ndiyo maana mmea huo unaitwa kisayansi Lewisia rediviva. Neno la kwanza linatoka kwenye jina la Lewis. La pili ni la Kilatini, na maana yake ni "uliorudi kwenye uhai". Wazungu waliohamia huko waliuita bitterroot, yaani mzizi mchungu.

Habari ya kufufuka ndiyo inayosimuliwa zaidi. Inayosimuliwa kidogo ni ya watu waliokuwa wakiuchimba na kuula vizazi vingi kabla Lewis hajafika, na jinsi walivyoondolewa kwenye bonde lenye jina la mmea huo.

Ni mmea wa namna gani?

Ukipita haraka unaweza kuukanyaga bila kujua. Bitterroot hauna shina refu. Ua lake hukaa karibu na ardhi kabisa, juu ya kikonyo cha sentimita chache tu, kama vile mtu ameliokota mahali pengine na kulilaza juu ya changarawe.

Ila ua lenyewe ni kubwa kuliko mmea. Likifunguka vizuri linafikia sentimita 5 au 6 kwa upana, lina petali nyingi za rangi ya waridi au nyeupe, na hufunguka jua likiwaka. Jioni hujifunga.

Kitu cha kushangaza zaidi ni majani. Ni membamba, manene na yamejaa maji, na hutokea mapema mno, theluji ikiwa ndiyo kwanza inayeyuka. Ua linapofunguka, mwezi Mei hadi Julai kutegemea mahali, majani huwa tayari yamenyauka. Kwa hiyo anayeuona wakati wa maua anaweza kudhani ua limetoka kwenye mawe bila mmea.

Unaota kuanzia kusini mwa British Columbia nchini Kanada, kupitia majimbo ya Washington, Oregon, Idaho na Montana, hadi California, Nevada, Utah, Arizona na Colorado. Hupatikana kwenye mabonde makavu na pia kwenye miteremko ya milima yenye urefu wa zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Unaishi na ndugu wa dawa ya malaria

Sehemu kubwa ya makazi yake ni nyika baridi iliyojaa vichaka vya kijivu vyenye harufu kali. Vichaka hivyo ni Artemisia tridentata.

Jina hilo linaweza kukushtua kidogo. Ndiyo, ni ukoo uleule wa artemisia inayolimwa Kenya, Tanzania na Uganda, ambayo hutoa kiambato cha dawa mseto ya malaria. Lakini ni spishi nyingine. Ya Afrika Mashariki ni Artemisia annua, asili yake Asia, na huishi mwaka mmoja tu. Ile ya Marekani ni kichaka kigumu kinachoishi miaka mingi.

Nyika hiyo si mahali rahisi pa kuishi. Majira ya baridi ardhi inaganda. Kiangazi mvua ni haba, na udongo wenye kokoto unakauka mpaka unapasuka. Muda wa mmea kupata maji na joto kwa pamoja ni wiki chache tu katikati ya hali hizo mbili.

Kwa nini haufi?

Bitterroot umejipanga kulingana na wiki hizo chache.

Theluji inapoyeyuka, majani hufanya kazi haraka. Yanatengeneza chakula na kukipeleka chini kwenye mzizi mnene, ambao hukihifadhi kama wanga. Joto likizidi, mmea hautapatapi. Unaacha majani yanyauke, unatoa ua na mbegu kwa akiba iliyomo mzizini, halafu unalala.

Na usingizi wake ni mzito kwelikweli. Kila mwaka mzizi unakaa miezi mingi kwenye udongo mkavu bila jani hata moja. Kukauka kwake ni jambo la kawaida, siyo ajali.

Basi Lewis alipoukausha, aliufanyia kitu ambacho kiangazi cha nyumbani kwao huufanyia kila mwaka. Tofauti ni kwamba yeye alizidisha muda.

Aliyeifukia mizizi hiyo ni Bernard McMahon, mtunza bustani wa Philadelphia. Ilichipua na kuishi kwa muda, kisha ikafa kabla ya kutoa maua. Mtaalamu wa mimea Frederick Pursh ndiye aliyeupa mmea jina lake katika kitabu chake kuhusu mimea ya Amerika Kaskazini, kilichotoka London mwishoni mwa mwaka 1813. Lewis hakuliona jina hilo. Alikuwa amefariki mwaka 1809.

Miongo kadhaa baadaye ukatokea mkasa mwingine. Daktari wa jeshi la majini la Uingereza, David Lyall, aliukusanya mmea huo upande wa British Columbia. Kwa kujua tabia yake ya kuchipua, aliutumbukiza kwenye maji yanayochemka kabla ya kuukausha, ili ufe moja kwa moja.

Haukufa. Zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye ulionyesha dalili za uhai, na mwezi Mei 1863 ukatoa maua kwenye bustani ya Kew, London.

Kabla ya kuwa ua, ulikuwa chakula

Kwa Wasalish wa Montana, mmea huu haukuwa maajabu ya kuwekwa kabatini. Ulikuwa chakula, tena cha wakati mgumu.

Fikiria hali yenyewe. Majira ya baridi ni marefu, akiba ya nyama kavu na matunda inakwisha, na mimea mingine bado haijaanza kutoa kitu. Katikati ya njaa hiyo ndipo bitterroot unapoota. Ulikuwa miongoni mwa vyakula vya kwanza vibichi vya mwaka, na kwa familia iliyomaliza akiba, wiki moja ya kuchelewa ilikuwa na maana kubwa.

Siyo Wasalish peke yao. Wakootenai, Washoshone, Wanez Perce na watu wengine wa nyanda hizo waliuchimba pia. Lakini kwa Wasalish ulikuwa na heshima ya pekee, hadi katika kalenda yao mwezi mmoja ukapewa jina lake.

Uchimbaji una kanuni. Mzizi huchimbwa kabla ua halijafunguka. Wakati huo ganda lake la nje, lenye rangi ya kahawia, hubanduka kwa urahisi na ndani unaonekana mweupe. Ukichelewa mpaka ua litoke, ganda linang'ang'ania na uchungu unazidi.

Kwa hiyo dirisha ni dogo, kama wiki mbili tatu hivi. Wazee wa kike ndio waliokuwa wakienda kukagua mashina ya kwanza na kusema kama wakati umefika.

Kazi yenyewe ilifanywa zaidi na wanawake, kwa kijiti kigumu chenye ncha, na baadaye kwa chuma kama mtaimbo mdogo. Unachoma ardhi pembeni mwa mmea, unainua, unatikisa udongo. Kisha unamenya na kutoa kiini kidogo chekundu kilicho juu ya mzizi, kwa sababu hicho ndicho kichungu kuliko vyote.

Mizizi iliyomenywa huanikwa juani. Ikikauka vizuri inakaa muda mrefu, na inasemekana uchungu wake hupungua kadiri inavyokaa. Ikipikwa huvimba na kuwa laini kama uji mzito. Huliwa na nyama au mchuzi wake, au huchanganywa na matunda ya porini ili utamu uzime uchungu.

Gunia moja lilichukua siku kadhaa za kuchimba na kumenya. Ndiyo maana thamani yake katika biashara kati ya makabila ilikuwa juu. Inasimuliwa kwamba gunia moja liliweza kubadilishwa kwa farasi.

Machozi ya bibi kizee

Wasalish wana hadithi ya jinsi mmea huu ulivyotokea, nayo inaanza na njaa.

Bibi kizee mmoja alikuwa hana cha kuwapa wanawe. Akaenda kando ya mto, akainamisha kichwa hadi mvi zake zikagusa ardhi, akalia kwa uchungu. Jua lilipochomoza kutoka upande wa milima likamsikia, likamtuma ndege mwekundu ampelekee neno la faraja.

Ndege akamwambia kwamba machozi yake yaliyoingia ardhini yatageuka mmea. Ua lake litakuwa na wekundu wa manyoya ya ndege na weupe wa mvi zake. Wanawe wataula mzizi wake na kuuona mchungu, kwa sababu umetoka kwenye huzuni ya mama yao, lakini utawashibisha.

Yaani ndani ya hadithi fupi kuna karibu kila kitu: msimu, rangi, ladha, na sababu ya kuuheshimu.

Lewis alionja, akashindwa

Lewis mwenyewe alikuwa ameuonja kabla ya siku ile ya kuuchimba. Agosti 1805, msafara wake ukiwa katika nchi ya Washoshone, alipata mizizi mikavu ya aina hii. Ilipochemshwa ikalainika, lakini uchungu wake ulimshinda, akaigawa kwa wenyeji ambao waliila bila taabu.

Ni jambo linaloeleweka kwa yeyote aliyewahi kumpa mgeni mchunga kwa mara ya kwanza. Ladha ya uchungu hufundishwa tangu utotoni.

Mwaka uliofuata, akirudi mashariki, Lewis alipiga kambi mahali palipoitwa Travelers' Rest, karibu na mji wa sasa wa Lolo, Montana. Hapo ndipo alipouchimba mmea ukiwa na ua lake. Hapo pia ni kwenye mdomo wa bonde la Bitterroot, nyumbani kwa Wasalish.

Bonde likabaki na jina, watu wakaondolewa

Julai 1855, viongozi wa Wasalish, Wapend d'Oreille na Wakootenai walitia saini mkataba wa Hellgate na serikali ya Marekani. Waliachia ardhi kubwa sana. Kiongozi wa Wasalish wa bonde la Bitterroot, Victor, alishikilia kwamba watu wake wabaki kwao. Mkataba ukasema bonde hilo litakaguliwa kwanza, kisha rais ataamua.

Ukaguzi wa maana haukufanyika, huku walowezi wakizidi kuingia. Victor alifariki mwaka 1870, na mwanawe Charlo akashika nafasi yake. Mwaka uliofuata Rais Ulysses Grant aliamuru Wasalish wahamie kaskazini, kwenye eneo la Flathead lililotengwa kwa ajili yao.

Mwaka 1872 mbunge James Garfield, ambaye baadaye alikuja kuwa rais, alitumwa kumaliza suala hilo. Machifu wawili walikubali. Charlo alikataa kutia alama yake. Hata hivyo nakala iliyochapishwa ya makubaliano ilionyesha kwamba naye ametia. Baadaye ilithibitika kwamba kwenye karatasi ya awali alama yake haikuwepo.

Charlo na watu wake waliendelea kukaa kwa amani katika bonde kwa karibu miaka 20. Mazao yakashuka, ardhi ikabanwa, umaskini ukaingia. Oktoba 1891 wakaondoka, wakisindikizwa na wanajeshi, kuelekea bonde la Jocko ndani ya eneo la Flathead.

Bonde, mto na safu ya milima vikabaki na jina la Bitterroot mpaka leo.

Ua la jimbo

Sasa angalia kalenda. Mwaka 1894, miaka mitatu tu baada ya msafara ule, wanawake wa Montana waliendesha kura ya kuchagua ua la jimbo lao jipya. Kati ya kura 5,857 zilizopigwa, bitterroot ulipata 3,621. Februari 27, 1895 bunge la jimbo likaupitisha rasmi.

Waliopiga kura waliupenda kwa uzuri na ugumu wake. Wengi wao hawakuwa wameutegemea kama chakula. Waliokuwa wakiutegemea walikuwa wamehamishwa, na hata ardhi waliyohamishiwa haikubaki yao yote. Sheria ya mwaka 1904 iliigawa vipandevipande, na mwaka 1910 eneo la Flathead likafunguliwa kwa walowezi.

Mmea usiokufa una adui gani?

Mtu anaweza kusema: mmea uliopona maji ya moto utashindwa na nini?

Jibu ni kukosa mahali. Uvumilivu wa bitterroot uko kwenye mzizi, na mzizi unahitaji ardhi kavu yenye kokoto isiyoguswa. Bonde la Missoula, kwa mfano, lilikuwa moja ya sehemu kubwa za kuchimbia. Leo sehemu kubwa yake ni mji, barabara, maduka na nyumba. Mmea unaoishi chini ya sakafu ya zege haufufuki.

Jembe la trekta nalo halina huruma. Likigeuza udongo mara moja, mimea iliyochukua miaka mingi kukua inaondoka yote. Na kurudi si jambo la haraka, kwani mche unaotokana na mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza, achilia mbali mzizi wa kutosha kuchimbwa.

Adui mwingine ni nyasi ngeni. Bromus tectorum ilitoka Ulaya na Asia ikaenea magharibi mwa Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1800. Inaota mapema, inanyonya unyevu uleule wa machipuko ambao bitterroot unautegemea, kisha inakauka mwanzoni mwa kiangazi na kuwa kama petroli. Moto ukipita, vichaka vya artemisia huungua na havichipui tena kutoka kwenye visiki. Nyasi ndiyo hurudi kwanza, na mwaka unaofuata huwa nyingi zaidi.

Hapo ndipo mazingira na utamaduni vinapokutana. Mahali pa kuchimbia pakipotea, kinachopotea si mmea tu. Mtoto hatajua wakati gani ganda linabanduka, wala kiini kipi kinatolewa, kwa sababu mambo hayo hufundishwa kwa mikono, ukiwa umepiga magoti juu ya ardhi yenyewe.

Mzizi wa kwanza

Wasalish hawajaacha. Kila machipuko, watu wa eneo la Flathead hukusanyika kwa ajili ya mzizi wa kwanza wa mwaka. Kwanza ni sala. Kisha mizizi michache huchimbwa, na baadaye chakula huliwa kwa pamoja, wazee, watoto na wageni. Mpaka hapo, hakuna anayetakiwa kwenda kuchimba kwa ajili ya nyumba yake.

Kwa hiyo watoto wa huko bado wanapewa kijiti, wanaonyeshwa kuchoma ardhi pembeni mwa mmea na siyo juu yake, na wanaonjeshwa uchungu wangali wadogo.

Mmea ule aliouchimba Lewis bado upo Philadelphia, umebanwa kwenye karatasi na kutunzwa na taasisi ya sayansi ya mji huo. Una zaidi ya miaka 200 sasa.

Huo hauchipui tena. Inayochipua ni ile ya kwenye changarawe, theluji inapoyeyuka, mahali ambapo bado kuna nafasi na mtu anayejua lini pa kuchimba.